Gurudumu na Mlima wa Soni

Jina la Soni wasomaji wa Kiswahili wanalijua zaidi kuliko wanavyodhani. Wengi walilisoma kwanza katika ukurasa wa mwanzo wa kitabu, chini kabisa, mahali anapotajwa mpiga chapa. Kwani mtambo wa Vuga Press, uliosimamishwa na wamisheni wa Kilutheri katika milima ya Usambara, ulitoa kwa miaka mingi vitabu vya Kiswahili vyenye anwani ya Soni. Vitabu hivyo viliteremka hadi Mombo kwa barabara ile ile ipandayo Lushoto. Nataka kuizungumza barabara hiyo, na hasa kitu kimoja kipitacho juu yake ambacho wanahistoria hawana desturi ya kukitazama, nacho ni gurudumu la motokaa.

Atakayesimama leo penye njia panda ya Bumbuli hatakawia kuona jambo nilitakalo. Gari dogo lililonunuliwa kuukuu kutoka Japani limepanda kutoka pwani. Ringi zake ni kubwa, zinang'aa, na tairi limezizunguka jembamba kama utepe katika ukingo wa nguo. Shimo moja la njiani limeipinda ringi ya mbele, na upepo umetoka wote. Fundi anaweka jeki, anafungua nati, na badala ya kuirudisha ringi ile kubwa analeta nyingine ndogo yenye tairi nene, ambayo haing'ai hata kidogo. Watazamaji hucheka. Mmoja husema gari limevuliwa viatu vya harusi likavishwa vya shamba. Mwingine husema mwenye gari amerudi nyuma wakati dunia inakwenda mbele. Kicheko hiki ndicho kilichonifanya niandike. Je, ni kweli kwamba apunguzaye ringi na kuongeza unene wa tairi anarudi nyuma? Swali hili halijibiwi kwa macho. Linajibiwa kwa historia.

Kwanza tuutazame mlima wenyewe. Mombo iko chini katika tambarare, kiasi cha mita 400 juu ya usawa wa bahari. Soni iko kiasi cha mita 1,200, na Lushoto kiasi cha mita 1,400. Njia nzima kutoka Mombo hadi Lushoto haifiki kilomita 35, na sehemu kubwa ya kupanda hutangulia kabla ya kufika Soni, mahali ambapo barabara imebanwa kati ya mwamba upande mmoja na korongo upande wa pili, maporomoko ya maji yakinguruma chini. Siku hizi ina lami, lakini lami haikuondoa kona wala haikuzuia mawe kuanguka wakati wa mvua. Na anayeiacha lami Soni kuelekea vijijini hukutana na udongo mwekundu, ambao masika huwa utelezi na kiangazi huwa mifereji migumu.

Zamani mlima huu haukujua gurudumu. Vuga, mji mkuu wa wafalme wa Kilindi, ulisimama juu ya mgongo wa mlima si mbali na Soni, na watu waliuendea kwa miguu. Mmisheni Johann Ludwig Krapf alifika huko kwa Kimweri ye Nyumbai mwaka 1848, na tena mwaka 1852, naye alifika kama walivyofika wengine wote, kwa kutembea, mizigo ikiwa vichwani na mabegani mwa wapagazi. Njia ya mguu huweza kupanda wima, kwani mguu hutafuta jiwe la kukanyaga na mkono hushika mzizi. Gurudumu ni mfalme asiyekubali ngazi. Hutaka njia ichongwe, ilazwe, izungushwe ubavuni mwa mlima, ndipo akubali kupita. Wakati wa utawala wa Kijerumani, Lushoto ilipoitwa Wilhelmstal, ndipo barabara ya magari kutoka Mombo ilipochongwa. Na katika wilaya hiyo hiyo wenyeji walilazimishwa kwa utaratibu wa kadi kuwafanyia kazi walowezi. Kwa hiyo kabla gurudumu halijamchukua mtu wa Usambara, mtu wa Usambara alilichukua gurudumu mgongoni mwake.

Reli ilitangulia. Ujenzi wake ulianza Tanga mwaka 1893, ukafika Korogwe mwaka 1902 na Mombo mwaka 1905. Lakini gari la moshi hutembea chuma juu ya chuma, na njia yake hufanywa sawa kabla halijapita. Gurudumu lake halina haja ya kuvumilia kitu. Motokaa ina taabu nyingine, kwa sababu hukutana na njia kama ilivyo. Jambo hili lilidhihirika Agosti 1907, Mjerumani Paul Graetz alipoondoka Dar es Salaam kwa motokaa iliyotengenezwa makusudi, tumbo lake limeinuliwa juu ya ardhi, akakusudia kulivuka bara hadi bahari ya magharibi. Alifika Swakopmund Mei 1909. Safari iliyokula karibu miaka miwili yatosha kutuonyesha kwamba kasi ya motokaa haikuwa katika injini peke yake, bali katika mapatano kati ya gurudumu na ardhi.

Katika siku hizo gurudumu la motokaa lilikuwa refu na jembamba, kwa kuwa lilirithi umbo la gurudumu la gari la farasi. Urefu huo ulikuwa na maana. Gurudumu la kimo kikubwa huingia kidogo tu katika shimo ambalo gurudumu fupi huzama, na hulipanda jiwe kwa wepesi zaidi. Upepo ndani ya mpira ulikuwa jambo jipya. Mskoti Robert William Thomson alipata hataza yake mwaka 1845, ikasahauliwa. John Boyd Dunlop akaivumbua upya huko Belfast mwaka 1888 kwa ajili ya baiskeli. Na mwaka 1895 ndugu wawili wa Ufaransa, André na Édouard Michelin, wakaendesha motokaa yenye matairi ya upepo katika mashindano ya Paris na Bordeaux. Lakini matairi hayo ya mwanzo yalikuwa membamba, nayo yalijazwa upepo kwa nguvu nyingi. Tairi la namna hiyo lina upepo, lakini ni gumu karibu kama gogo.

Hapa namwomba msomaji avumilie hesabu kidogo, kwani bila hesabu tutaendelea kubishana kwa macho. Gurudumu lina vipimo viwili ambavyo watu huvichanganya. Kimoja ni kimo kizima, kutoka ardhini hadi juu ya tairi. Cha pili ni kimo cha ringi peke yake. Tofauti kati ya vipimo hivi, ikigawanywa kwa mbili, ni ukuta wa tairi, yaani ile sehemu ya mpira iliyo kati ya chuma na barabara. Gurudumu likiwa na ringi kubwa halipati kuwa refu kwa sababu hiyo. Mara nyingi kimo kizima hubaki vile vile, na kinachoongezeka ni chuma, kinachopungua ni mpira.

Sasa tuipime Ford ya namna ya T, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1908 na ambayo iliieneza motokaa duniani kuliko nyingine yoyote ya zama zake. Tairi lake la nyuma lilikuwa na kimo cha inchi 30 na unene wa inchi tatu na nusu, hivyo ringi yake ilikuwa inchi 23. Ukuta wa tairi ulikuwa milimita 89 tu, na upepo wake kiasi cha paundi 60 kwa kila inchi ya mraba. Katika kila sehemu mia za kimo cha gurudumu, sehemu 77 zilikuwa za ringi.

Mwaka 1923 kampuni ya Firestone ya Marekani ilileta tairi nene lililoitwa baluni, lenye upepo mwingi uliojazwa kwa nguvu ndogo, karibu nusu ya ile ya zamani. Tangu hapo ringi ilianza kupungua mwaka baada ya mwaka. Kampuni ya Ford peke yake yatosha kuwa shahidi: kutoka inchi 23 ilishuka hadi 21, mwaka 1930 ikawa 19, mwaka 1932 ikawa 18, mwaka 1933 ikawa 17, na mwaka 1935 ikawa 16. Kila hatua ya kushuka kwa ringi ilikuwa hatua ya kunenepa kwa tairi, na kila hatua iliitwa maendeleo. Hapana aliyecheka. Abiria walikuwa wakipumzishwa migongo, na springi zilikuwa zikipumzishwa kuvunjika.

Ndiyo hali iliyokuwapo motokaa zilipozidi kuwa nyingi katika Afrika Mashariki. Land Rover ya mwaka 1948 ilikuja na ringi ya inchi 16 na tairi la unene wa inchi 6. Volkswagen, iliyokuwa na ringi ya inchi 16, ikapunguziwa hadi inchi 15 mwaka 1952 na kuongezewa unene wa tairi. Katika magari haya mawili ringi ilikuwa kiasi cha sehemu 57 tu katika mia, na ukuta wa tairi ulipita milimita 140. Mwaka 1953 yakaanza mashindano ya Safari, ambayo njia zake ziligusa Kenya, Uganda na Tanganyika, na Volkswagen ikayashinda mwaka 1954, 1957 na 1962. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, tope likayameza, yakarudi saba tu. La kwanza lilikuwa Peugeot 404 la Nick Nowicki na Paddy Cliff, nalo pia lilitembea juu ya ringi za inchi 15. Sisemi kwamba tairi peke yake lilishinda. Nasema kwamba barabara zetu zilipotoa hukumu mbele ya ulimwengu, hazikumpa taji mwenye ringi kubwa.

Mabadiliko yalitoka kwingine. Tangu mwaka 1949 Michelin ilikuwa ikiuza tairi la nyuzi zilizopangwa kutoka ukingo hadi ukingo, lenye ubavu laini na uso imara. Kwa msingi huo wahandisi wa Ulaya, ambao barabara zao kuu zilikuwa zimenyooka na kulainishwa, waliweza kuufupisha ukuta kidogo kidogo, na katika miaka ya 1970 Pirelli ikatoa matairi mafupi mno kwa motokaa za kasi. Sababu zao zilikuwa njema. Ukuta mfupi haulegei, hivyo usukani hutii upesi gari linapokata kona kwa mwendo mkali. Na ringi kubwa huacha nafasi ya breki kubwa. Baadaye sababu zikasahauliwa, ukabaki urembo. Ringi kubwa ikavikwa motokaa za kwenda sokoni, ambazo hazikimbii mashindano yoyote, nazo zikiisha kuzeeka huko huletwa kwetu zikiwa zimevaa viatu vya nchi nyingine.

Basi tumrudie fundi wa Soni, tupime kazi yake. Tuseme gari limekuja na tairi lililoandikwa 215/45R17. Maana yake ni kwamba upana ni milimita 215, ukuta ni sehemu 45 katika mia ya upana huo, na ringi ni inchi 17. Ukuta wake basi ni milimita 97, na kimo kizima milimita 625. Fundi anaweka 195/65R15. Ukuta unakuwa milimita 127, na kimo kizima milimita 635 hivi. Gurudumu limekuwa refu kwa sehemu moja na nusu tu katika mia, lakini ukuta wa mpira umeongezeka milimita 30.

Msomaji na alinganishe. Ukuta wa tairi la ringi kubwa ni milimita 97. Ule wa Ford ya mwaka 1908 ulikuwa milimita 89. Yaani kile kinachodhaniwa kuwa kipya kinakaribia unene wa mpira wa babu zetu, na kile kinachochekwa kuwa cha kale ndicho kilichovumbuliwa baadaye kuuponya ugonjwa wa kile cha kwanza. Ni kweli kwamba tairi la leo hujazwa upepo kwa nguvu ndogo kuliko la Ford, na nyuzi zake ni bora mara nyingi. Sitaki kuvifanya vitu viwili kuwa kimoja. Lakini shimo halisomi hataza. Ukingo wa shimo unapoligonga tairi huuliza jambo moja tu: kuna mpira kiasi gani kabla ya kufika kwenye chuma? Wazee walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Nasi twaweza kusema hivyo juu ya ringi ing'aayo.

Ushahidi ulio bora zaidi watolewa na wenye kasi wenyewe. Katika mashindano ya dunia ya motokaa, ambamo Safari ya Kenya ilirudi mwaka 2021, gari lile lile huvaa ringi za inchi 18 likienda kwenye lami na ringi za inchi 15 likienda kwenye changarawe. Watu wenye fedha, wahandisi na mizani za kila namna hawaulizi ni ringi ipi ya kisasa. Huuliza barabara ya kesho ni ipi.

Walakini haifai kuigeuza hoja hii kuwa ruhusa ya kufunga chochote. Fundi asiyepima huweza kuua. Ringi ndogo mno hugusa breki, na breki ndiyo uhai wa mtu ashukaye kutoka Soni hadi Mombo, akipoteza mita 800 za kimo katika kona zisizosameheana. Matundu ya nati na kina cha ringi sharti vilingane na gari, na namba ya uzito iliyoandikwa ubavuni mwa tairi isipungue ile ya mwanzo. Tena ukuta mnene hulegea kidogo katika kona, hivyo dereva aliyezoea usukani mkali lazima ajifunze subira. Kosa lililo la kawaida zaidi ni kupunguza ringi bila kuongeza ukuta. Mtu akitoa 195/65R15 na kuweka 185/65R14, kimo kizima hupungua milimita 38. Tumbo la gari hushuka milimita 19 kuyakaribia mawe, na spidomita huanza kudanganya. Huyo hakubadili gurudumu kwa ajili ya mlima. Amelipunguza tu, na mlima utamdai.

Limebaki neno moja zito kuliko hesabu, nalo ni swali la nani huamua gurudumu letu liweje. Ufalme wa tairi ulipoanza, mpira wake ulitoka katika misitu ya Kongo kwa damu ya watu, na katika nchi ya Tanga walowezi wa Kijerumani walipanda mipira mingi ili kulisha viwanda vya kwao, hata bei ikaanguka mwaka 1913 kwa wingi wa mpira wa Asia, na mashamba yakaachwa. Baada ya uhuru tulijaribu kuukamata mwanzo na mwisho wa kazi hii pamoja: kiwanda cha General Tyre kilianza kutoa matairi Arusha mwaka 1971, na shamba la mipira la Kihuhwi, wilaya ya Muheza, chini ya milima ya Usambara Mashariki, lilikusudiwa kukilisha. Kiwanda hicho kilisimama kabla ya mwaka 2010. Kwa hiyo mtu wa Soni hupokea gari lililofikiriwa na wengine, lenye tairi lililofanywa na wengine, kwa barabara za wengine. Katika mnyororo wote huo yamebaki mahali pachache ambapo akili yake yaweza kusema hapana. Pamoja ni pale fundi anapoishika ringi mkononi, akautazama mlima, akachagua.

Ndiyo maana siwezi kucheka pamoja na wale watazamaji. Wamejifunza kuyahesabu maendeleo kama mtu ahesabuye maili za reli, kila moja mbele ya mwenzake. Historia ya gurudumu haikwenda hivyo. Ringi ilipungua kwa miaka 30, ikaja ikakua tena, na kila mara ilifuata haja ya barabara fulani, katika nchi fulani, kwa watu fulani. Anayeiga umbo bila kuuliza haja hiyo hubeba gharama bila faida. Anayeuliza, hata kama mikono yake imejaa grisi na hajui jina la Dunlop wala la Michelin, ameifanya kazi ile ile waliyoifanya wao.

Jioni gari lile hushuka likiwa na viatu vyake vya shamba. Hupita maporomoko, huingia kona ya kwanza, hugonga ukingo wa shimo ambalo asubuhi lilikuwa limeipinda ringi, na safari hii mpira hubonyea ukarudi. Dereva huenda hakuhisi kitu.